Nilichokiomba Kaburini

Singa za mkonge zikitoka kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani, huwa za kijani, zinanuka uchachu, na maji yake yanawasha. Sisi wanawake tulizibeba begani mpaka kwenye nyaya, tukazitandaza juani, tukazigeuza, mpaka zikawa nyeupe. Ndiyo kazi niliyoifanya kwenye shamba moja upande wa Kilosa, toka nikiwa mwari mpaka nikaitwa mama. Mume wangu alikuwa mkataji. Yeye anakata majani huko shambani alfajiri, vitoroli vinayaleta kwa reli ndogo, korona inayasaga, mimi naanika. Nilikuwa namwambia, "Wewe unaleta fujo, mimi naipanga."

Naandika mwenyewe. Shule ya watoto sikusoma. Nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo, mtoto mgongoni, na mwalimu wetu alikuwa karani wa mizani aliyezoea kupigia kelele watu wa vitoroli, akatupigia na sisi. Neno la kwanza alilotufundisha ni jembe. Mpaka leo nikishika kalamu mkono unataka kuandika jembe. Kwa hiyo nikipotea njia mahali, msomaji anisubiri, nitarudi.

Kwanza nieleze utani, maana vijana wa siku hizi wanadhani utani ni kuchekeshana tu.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi. Alikuja kwa treni kutoka Tabora kukata mkonge wa Wagiriki, akafia hapa. Kilosa aliwakuta Wasagara, watu wa milimani, wenye nchi yao. Sisi na wao ni watani toka enzi za misafara, babu zetu walipopita huku na mizigo kichwani. Wanasema walipigana, wakachoka, wakaona afadhali kutukanana kuliko kuuana. Mtani humwamkii shikamoo. Unampa tusi, anakurudishia, na atakayekasirika ndiye mjinga. Anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku na usimshitaki. Lakini ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchimba kaburi, kuchota maji, kupika, maana mikono ya mfiwa imelegea. Na hapo msibani ana haki yake. Anaweza kuzuia maziko mpaka apewe anachokitaka. Anashuka kaburini, analala, anasema sitoki. Huwa anataka kitu kidogo cha kuwafanya watu wacheke katikati ya kilio: kuku, kanga ya marehemu, ugoro. Mfiwa hawezi kukataa. Na hakuna wa kumtoa mtani kaburini kwa nguvu, hata awe nani.

Sasa nirudi kwa mume wangu.

Kabla ya Uhuru aligoma. Alikuwa kijana, na shamba zima liligoma, wiki nyingi, tukala mizizi na maembe mabichi. Siku moja akaja mwanasiasa kutoka mjini, akapanda juu ya meza ya mizani, akamshika mume wangu mkono mbele ya watu, akasema huyu ni shujaa, mkono huu utaikomboa nchi. Mume wangu hakuunawa ule mkono siku hiyo. Nilimcheka. Alikula ugali kwa mkono wa kushoto! Mama yake alimgombeza kama mtoto.

Basi Uhuru ukaja, tukacheza ngoma. Halafu baada ya miaka kadhaa mashamba yakataifishwa, tukacheza tena. Mgiriki aliondoka na mbwa wake wawili ndani ya gari. Tukaambiwa shamba ni letu. Neno bwana likafa, kila mtu akawa ndugu. Ndugu Meneja, Ndugu Nyapara. Kulikuwa na mzee mmoja wa kuwasha boila, akawa anaiita boila Ndugu Boila, eti nayo imeteseka.

Meneja tuliyeletewa alikuwa Msagara. Kijana wa kimisheni, aliyesomeshwa na mama aliyekuwa akishuka mlimani kuuza ndizi sokoni Kilosa. Siku ya kwanza alipita kwenye nyaya, suruali imenyooka, akasimama mbele yangu.

"Ndugu, mbona singa hizi zimekunjamana?"

"Zimekunjamana kama paji lako la uso, Msagara we. Umeshuka mlimani lini? Ngedere wenzio wamekupa ruhusa?"

Wenzangu waliganda. Nyapara alishika kichwa. Meneja akanitazama, akaangua kicheko mpaka akashika waya.

"Kumbe mpagazi! Babu yako alikuja na mzigo wa watu, akaona uvivu kurudi. Acha nikuone shingo, bado iko wima?"

Toka siku hiyo akawa mtani wangu. Akipita lazima tutukanane kidogo ndipo kazi iendelee. Na nawaambia ukweli, alikuwa mtu mwema. Sitaki mtu asome hapa akadhani namsema vibaya.

Halafu nchi ikaanza kukauka. Mimi sijui mambo ya dunia, naeleza tulivyoelezwa. Walisema wazungu wamegundua kamba za nailoni, mkonge wetu hawautaki. Mafuta yamepanda. Mvua ikagoma na yenyewe. Tukaanza kula ugali wa njano uliokuja kwa meli, unanuka gunia. Miwa iko Ruaha na Kidodi, tunaiona kwa macho tukienda kusalimia watu, lakini sukari ukitaka lazima upange foleni na kitambulisho. Korona ikavunjika chuma fulani, chuma hakipo nchini, mafundi wakaja kukata nyaya zangu mbili za kuanikia wakaifunga nayo. Ilikuwa inasaga huku inalia kama mtu aliyeumwa jino.

Siku moja wakatuita wote uwanjani. Alikuwapo Meneja, na mkubwa wa chama cha wafanyakazi kutoka Morogoro, na Mkuu wa Wilaya, ambaye wakati ule tulimwita Eria Kamishna. Huyo Eria ndiye yule yule wa juu ya meza ya mizani. Alikuwa amenenepa, lakini sauti ni ile ile. Akasema serikali iko taabani. Akasema mkonge ndio unaoleta dawa na mafuta, na bila mkonge hospitali zitafungwa. Kwa hiyo kazi ya siku moja inaongezwa, mafungu ya kukata yawe mengi zaidi, na aliyemaliza mapema asiende kwenye kishamba chake, akae mpaka saa za kazi ziishe. Na posho ya unga inapunguzwa nusu.

Hapo lazima mwelewe. Mkataji alikuwa akianza gizani, saa nne au saa tano amemaliza mafungu yake, anakwenda kulima kishamba chake cha mahindi. Hicho kishamba ndicho kilichotulisha. Ukimchukulia mkataji mchana wake, umemchukulia chakula.

Mume wangu alikuwa katibu wa tawi la wafanyakazi pale shambani. Akanyoosha mkono.

"Ndugu Eria, zamani nilipogoma ulinishika mkono, ukaniita shujaa. Mkono ni huu huu."

"Wakati ule ulimgomea mkoloni," Eria akasema. "Leo unamgomea nani? Shamba ni lako. Unajigomea mwenyewe."

"Kama ni langu, mbona sijaulizwa?"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kile cha kuchoka. Yule mkubwa wa chama kutoka Morogoro akainama akawa anatazama viatu vyake. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimeshakuwa cha serikali, sasa atasema nini?

Kesho yake wakataji walikwenda shambani kama kawaida, wakakata, wakafunga mafungu, wakayapanga kandokando ya reli, kisha wakaketi juu yake. Hawakupakia. Mkonge ukishakatwa lazima usagwe upesi, ukilala siku mbili unaharibika. Walitaka serikali iunuse mgomo. Na kweli ulinuka, mpaka stesheni Kilosa watu walifunga madirisha. Mimi harufu ile ilinitia huzuni. Tulikuwa tunaozesha kitu tulichokilea miaka.

Siku ya tatu asubuhi polisi walikuja na lori, wakasoma majina saba. La kwanza la mume wangu. Alikuwa anakunywa uji wa njano. Aliweka kikombe chini taratibu, akaniambia, "Usikimwage, nitakimalizia." Wakampeleka mahabusu Kilosa. Tukasikia watawekwa hapo mpaka itafutwe sehemu ya kuwapeleka. Wapi, hakuna aliyesema. Wengine walisema Dodoma, wengine walisema watafutwa kazi warudishwe makwao, wengine walisema mambo ambayo siyaandiki.

Tukakutana wanawake kambini. Tukakubaliana: hakuna kuanika, hakuna kupika kwenye nyumba ya wageni ya shamba, na Meneja akipita hakuna kumjibu salamu. Jirani yangu ndiye aliyetoa wazo la salamu. Alikuwa Mbena, watu wa Njombe, mwanamke mrefu, maneno machache. Mume wake alikuwa wa tatu katika wale saba. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka tisa. Akipika mboga harufu inaingia kwangu, nikikohoa yeye anasema pole kutoka upande wa pili.

Meneja alipita. Akasimama mbele yangu.

"Mtani."

Nikanyamaza.

"Mpagazi, hata tusi?"

Nikatazama pembeni. Aliondoka akitembea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Nafikiri lilimuuma kuliko harufu ya mkonge.

Siku mbili baadaye akafiwa na mama yake.

Habari aliileta mwanamke wa mlimani aliyekuwa akiuza ndizi kambini. Aliweka chini mkungu, akasema kwa wazi, "Wanyamwezi, mama yetu amelala. Watani mnaitwa." Akajitwika tena akaondoka. Hakungoja jibu, maana mwito wa namna hiyo haujibiwi hapana.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na moto. Kambi ilikuwa na watu wa kila kabila. Wangoni, Wahehe, Wabena, Wamakonde. Wao hawakuwa na utani na Wasagara. Wakasema, "Mkienda kumchotea meneja maji, mgomo umekwisha." Mmoja akasema, "Waume zenu wako ndani, ninyi mnakwenda kumpikia aliyewaweka ndani." Mzee wetu wa boila akajibu, "Mgomo ni wa shamba. Yule bibi hakumwongezea mtu mafungu. Tusipokwenda, siku mimi nikifa atanizika nani? Ninyi? Ninyi hata kuchimba mtaro mnalia."

Ilikuwa kelele mtindo mmoja. Ndipo jirani yangu akanivuta nyuma ya nyumba.

"Nenda," akaniambia.

"Wewe ndiye uliyesema tusimsalimie!"

"Nilisema. Sasa nasema nenda. Wewe kule una mdomo, mimi sina. Wabena hatuna utani nao, nikiomba nitafukuzwa. Wewe utasikilizwa." Akanishika kiwiko. "Kanisemee, dada. Mtaje na wangu. Wataje wote."

Nikamwambia nitawataja. Niliapa kwa mtoto wangu.

Tuliondoka asubuhi Wanyamwezi kumi na kitu. Tukavuka Mkondoa, maji yalikuwa ya magotini, tukapanda mlima. Wale wanaojua Kilosa ya leo, na treni ya umeme na bodaboda kila kona, hawawezi kujua tulivyokuwa tunapanda ule mlima. Nilipanda nikijipanga maneno. Nitaanza hivi, nitasema vile, nitahesabu kwa vidole, saba.

Tulifanya kazi kama inavyotakiwa. Wanaume walichimba, sisi tulichota maji na kusaga. Na tulitania. Mzee wa boila alivaa kofia ya marehemu akajifanya anauza ndizi, anawapunja wateja. Watoto wa marehemu walicheka na machozi yanatiririka. Kulikuwa na padri wa Kianglikana aliyevaa kanzu nyeupe, tukamfichia mwavuli wake. Eria naye alikuwapo, na Landrova yake chini ya mteremko, amekuja kumpa pole Meneja. Alisimama mbali kidogo na vumbi.

Jeneza lilipoletwa ukingoni, mzee wa boila alikuwa ashuke kaburini yeye. Kwa kawaida hushuka mwanaume. Nikamwambia, "Mzee, niachie." Akanitazama. Akanipa mkono wa kushukia.

Kaburi lina baridi. Hilo watu hawalijui mpaka washuke. Juani watu wanatoka jasho, mle chini udongo ni kama mtungi. Nililala chali nikafunga mikono.

"Sitoki!"

Wakacheka juu. "Mpeni kuku mpagazi huyo!"

"Kuku wa Msagara ana miguu ya ngedere, simtaki."

"Mpeni kanga."

"Kanga zenu zinanuka ndizi."

"Basi wataka nini, wewe mwanamke mlafi?"

"Namtaka mume wangu."

Kicheko kilikatika. Nilimwona padri akifunga kitabu, kidole kimebaki katikati ya kurasa. Nikasikia sauti ya Eria, "Mtoeni huyo mama." Na mzee mmoja wa Kisagara, kaka wa marehemu, akamjibu kwa adabu, "Mheshimiwa, huyo hatolewi."

Meneja akaja ukingoni akachuchumaa. Udongo kidogo uliniangukia usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na nikaona kola ya shati lake imegeuzwa, ule upande uliochakaa umefichwa ndani. Hata yeye.

"Mtani," akasema polepole, "omba kitu cha utani."

"Mwanamume mwenye miguu mibaya vile ni utani mtupu. Nipe."

Hakuna aliyecheka. Meneja akainama zaidi ukingoni. Kisha akaniuliza, na hili nalisikia mpaka leo kwenye masikio yangu:

"Ni hicho tu?"

Nilikuwa na maneno yangu yote. Niliyapanga toka mtoni. Nilikuwa na majina saba, ningeweza kuyataja kwa pumzi moja. Lakini nilipomwona yule Eria anachungulia kwa nyuma ya bega lake, nikaogopa. Nikawaza, mtani huomba kitu kimoja. Nikiomba saba nitaambiwa si utani tena, ni mgomo, na nitakosa hata mmoja. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia kwa miaka mingi. Sababu nyingine ni kwamba niliwaza kikombe cha uji, na kitanda changu, na nikasahau kwamba kuna vitanda vingine sita.

"Ni hicho tu," nikasema.

Meneja akasimama, akamgeukia Eria, akasema naye Kiingereza. Walisemezana kidogo. Jeneza lilikuwa linangoja, wabebaji wanabadilishana mabega. Eria alitazama angani, akapangusa uso na leso, akaondoka kuelekea kwenye gari bila kuaga. Meneja akaninyooshea mkono.

"Toka, mtani. Mama yangu anangoja."

Mume wangu alifika kambini kesho yake mchana, kwa miguu, bila mkanda, ameshika suruali. Watu walitoka nje. Hawakumtazama yeye. Walitazama nyuma yake, barabarani, kama kuna wengine. Hakukuwa na wengine.

Akaingia ndani, akaketi. Nikamwekea maji ya kunawa.

"Wenzangu wako wapi?"

Nikamsogezea beseni.

"Polisi ameniambia nimeombwa msibani. Eti mkeo ana mdomo." Akasukuma beseni. "Uliniomba mimi peke yangu?"

"Mtani huomba kitu kimoja."

"Nani amesema?"

Ni kweli, nani amesema? Hakuna sheria hiyo. Nimewauliza wazee baadaye, Wanyamwezi na Wasagara, hakuna aliyewahi kuisikia.

Hakula. Alirudi Kilosa jioni ile ile, akajipeleka polisi, akawaambia wamrudishe ndani na wenzake. Wakamcheka. "Mzee, hapa si gesti." Akaketi nje ya kituo, siku hiyo na ya pili yake. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa akikaa Mabwerebwere, upande ule ule wa Kilosa, ndiye aliyempelekea chakula, naye alikataa. Siku ya tatu wale sita walitolewa, wakapandishwa treni na lori kurudishwa makwao, wamefutwa kazi, na familia zikaambiwa ziwafuate. Aliwaona wakipita. Aliniambia aliwaita, na hakuna aliyegeuka isipokuwa mmoja, yule Mbena, ambaye alimpungia mkono. Jambo hilo la kupungiwa mkono lilimuua mume wangu kuliko kama angetemewa mate.

Mgomo ukaisha. Nani angeuongoza? Wakataji walirudi, wakakubali mafungu mapya na posho nusu. Mume wangu naye alirudi, lakini alipoanza mstari wake wa mkonge, mistari miwili ya jirani kila upande ilibaki wazi. Hakuna aliyetaka kukata karibu naye. Ukatibu walimpa mtu mwingine. Walisema amenunuliwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimemnunua, lakini ningewaambiaje?

Meneja naye hakudumu. Walimhamishia ofisi ndogo sehemu nyingine, tukasikia ni kwa sababu alimwachia mfungwa kwa mila za kienyeji. Sina uhakika. Shamba lenyewe lilikufa miaka michache baadaye, korona ikauzwa chuma chakavu. Mkonge ulibaki unaota maua yake marefu, hakuna wa kuukata.

Ilipotangazwa kwamba watu wanaotaka kuanza kijiji cha ujamaa upande wa Mikumi wajiandikishe, mume wangu alikuwa wa kwanza. Tulipelekwa kwa lori, sufuria zinagongana. Njiani kuna mahali panaitwa Ulaya, dereva akapiga kelele, "Haya, tumefika Ulaya!" Watu wote garini wakacheka isipokuwa yeye. Mikumi tulilima kwa pamoja, na tembo wakala kwa pamoja. Wanyama wa mbugani hawana mpaka. Tulikesha tukipiga madebe. Kwenye mikutano ya kijiji, mtu yule aliyemuuliza Eria swali mbele ya shamba zima, alikaa nyuma, kofia magotini, hakunyoosha mkono hata mara moja mpaka alipofariki. Wenyeviti walimsifu kwa utulivu.

Meneja nilimwona mara moja tu tena, stesheni ya Kilosa, mchana, tunangoja treni iliyochelewa. Alikuwa amekuwa mzee, na fimbo. Nilimtukana kidogo, akanitukana kidogo. Halafu nikamuuliza kile nilichotaka kumuuliza miaka yote.

"Siku ile kaburini uliniuliza, ni hicho tu. Ningesema wote saba, ungenipa?"

Akaegemea fimbo yake.

"Sikumbuki kama nilikuuliza," akasema.

"Uliuliza."

"Basi sijui, mtani. Siku ile mama yangu yuko ukingoni, ungeniomba mlima ningejaribu kuubeba. Kesho yake nisingeweza kukupa hata kuku. Sijui kweli."

Treni ikaja, akapanda behewa lake.

Kuna jambo nimeliruka makusudi, na sasa karatasi inakwisha. Ni siku jirani yangu alipoondoka. Alikuwa amefunga vitu kwenye shuka, watoto wamevaa nguo zote mbili mbili ili mzigo upungue. Akaja mlangoni kwangu.

"Ulinisemea?" akaniuliza.

Mume wangu alikuwa ndani, anasikia.

"Nilikusemea," nikasema. "Niliwataja wote. Akakataa."

Akatikisa kichwa taratibu. Akanipa kibuyu, ndani kulikuwa na unga wa mahindi meupe, wa kishamba chao, si ule wa njano. Akasema hawezi kuubeba, na kwamba ni asante yangu kwa kupanda mlima. Niliupokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Sikuthubutu kumtazama.

Kama yupo mtu wa Njombe anayemjua mama mrefu, mwenye maneno machache, aliyewahi kukaa kambi ya mkonge Kilosa, na kama bado yu hai, amwambie sikumtaja mume wake. Nilimtaja wangu tu. Ule unga tuliula siku nne. Mume wangu aliula akijua, na mimi nilimpakulia.